Siri Asiyopaswa Kuijua Mwenye Ofisi



Jioni hii nina jambo moja la kukueleza, na nitaanza na ujumbe ambao huenda umewahi kuupokea. Umesahau neno la siri la tovuti ya shule anakosoma mtoto, au ya chama chenu cha akiba na mikopo, au ya hospitali unakopanga miadi. Unabonyeza pale palipoandikwa "umesahau?" Haipiti dakika, barua pepe inaingia: ndugu mteja, neno lako la siri ni hili. Na hapo lipo, herufi kwa herufi, lile lile ulilolichagua mwenyewe, jina la binti yako na mwaka aliozaliwa. Wengi hushukuru wakaendelea na shughuli zao. Naomba kuanzia leo usishukuru. Ujumbe huo ni ushahidi, ulioandikwa na kutumwa na ofisi yenyewe, kwamba siri yako imewekwa wazi, na anayeweza kuifungua hifadhi yao anaisoma kama asomavyo gazeti.

Ofisi inayoweka maneno ya siri inavyotakiwa haiwezi kukuambia lako ni lipi. Haikatai, haiwezi. Mkurugenzi atoe amri, fundi aliyeijenga mitambo akeshe usiku kucha, hawatalipata. Wanachoweza ni kuthibitisha kwamba ulichoandika leo ndicho ulichoandika siku ya kujiandikisha, na ukisahau wanakupa njia ya kuweka jipya. Mashine itambue jibu sahihi bila kulijua jibu lenyewe: ukisikia mara ya kwanza unaona muhali. Lakini hesabu hiyo ipo, ina umri wa zaidi ya nusu karne, haiuzwi, na kila anayeandika programu Mombasa anaweza kuitumia kesho asubuhi. Kwa hiyo asiyeitumia hana udhuru, na mimi naliona ni jambo la amana kabla halijawa la ufundi.

Hebu tuwahesabu wanaoweza kulisoma neno lililowekwa wazi. Yupo aliyeandika programu. Yupo kijana aliyekuja kujifunza kazi kwa miezi mitatu akapewa ruhusa ya kuingia kwenye seva ili asaidie. Ipo kampuni ya ng'ambo inayoikodisha hiyo seva. Yupo fundi aliyeletewa kompyuta kuukuu ya ofisi na hakuna aliyekumbuka kuifuta diski. Na yupo mwizi, siku atakapoingia. Hao wote, na wewe unadhani mnajua wawili tu, wewe na mashine.

Utasema, tovuti ya shule ina nini cha kuibwa? Matokeo ya mtihani na salio la karo. Kweli, mwizi hana haja na salio la karo. Anachotaka ni lile neno, kwa sababu anatujua tabia zetu. Neno unalofungulia tovuti ya shule ndilo unalofungulia barua pepe, na barua pepe ndiyo inayopokea viungo vya kubadilisha maneno ya siri ya kila mahali pengine: benki, mitandao ya kijamii, akaunti ya serikali unakoombea pasipoti. Kuna programu zinazochukua orodha iliyoibwa mahali pamoja na kuijaribu katika mamia ya tovuti nyingine bila mtu kugusa kibodi. Ndiyo maana uzembe wa ofisi ndogo, yenye wateja mia tatu, unaweza kuwafuata wateja hao mpaka benki.

Na mji wetu una mengi ya kulinda. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitua hapa Mombasa, na intaneti ya Kenya, pamoja na ya jirani zetu wa bara, ikaanza kupita pwani yetu. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2005, mawakala wa kliaringi walikuwa tayari wakiingiza hati za forodha katika mfumo wa Simba wa Mamlaka ya Ushuru. Muulize yeyote mwenye ofisi ya kliaringi pale Moi Avenue: neno la siri la kuingilia mitambo ya forodha ni mali, lina thamani ya shehena iliyolala bandarini. Leo hoteli, madrasa, vyama vya akiba, zahanati, hata maduka ya leso ya Biashara Street yanachukua majina na maneno ya siri ya watu. Karibu kila mwenye biashara amegeuka mweka amana wa siri za wenzake, na wengi hawakuambiwa kwamba wamebeba mzigo huo.

Sasa twende Ngomeni kidogo, maana pana fundisho pale ambalo watalii hawaelezwi sana. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 kwa michoro ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na kuta zile mnaziona. Zimesimama mpaka leo. Lakini Agosti 1631, Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea Goa na kumbatiza jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliingia ngomeni na watu wake akamuua kamanda Pedro Leitão de Gamboa. Hakuna ukuta uliobomolewa. Aliingia kwa sababu alikuwa mtu anayejulikana. Karne ile na zilizofuata ngome ilibadilisha mikono mara nyingi, kwa njaa, kwa maradhi, kwa uasi wa askari wa ndani. Mizinga pekee haikuwa ndiyo iliyoamua.

Waandishi wazuri wa programu hufikiri wakiwa na historia ya namna hiyo kichwani. Hawaulizi tu ukuta una unene gani. Wanauliza: siku mwizi atakapoingia, na siku hiyo itafika, atakuta nini ndani? Kila tutakachozungumza kuanzia hapa ni jibu la swali hilo moja. Tunachukulia kwamba hifadhi itaibwa, kisha tunapanga iwe ni wizi usio na faida.

Somo hili lilipatikana kwa aibu. Chuo cha MIT huko Marekani kilikuwa na mojawapo ya kompyuta za kwanza kutumiwa na watu wengi kwa pamoja, na kila mtu alikuwa na neno lake la siri, yote yamewekwa wazi katika faili moja. Mwaka 1966 hitilafu ilizichanganya faili mbili, na ile ya maneno ya siri ikachukua nafasi ya tangazo la siku. Kila aliyeingia akasomewa siri za wenzake kwenye kioo. Hapakuwa na mwizi wala adui, palikuwa na kosa la kawaida la kazi. Uingereza, katika Chuo cha Cambridge, Roger Needham na wenzake walikuwa wakifikiria njia ya kutoliweka neno lenyewe kabisa. Kisha mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, waliokuwa katika maabara za Bell, wakachapisha makala fupi juu ya mfumo wa Unix ambayo mpaka leo, kwa maoni yangu, ndiyo inayofaa kusomwa kwanza na kila kijana anayeingia kazi hii. Mambo matatu nitakayoyaeleza, kuhashi, chumvi na ucheleweshaji, yote yamo humo.

Tuanze na kuhashi. Hashi ni hesabu inayokwenda upande mmoja. Unaipa neno lolote, refu au fupi, inakutolea mfuatano wa herufi na tarakimu wenye urefu ule ule kila mara. Neno lile lile hutoa mfuatano ule ule daima. Ukibadilisha herufi moja tu, ukaandika "Mombasa" kwa herufi kubwa badala ya "mombasa" kwa ndogo, mfuatano wote unageuka, ukabaki hujui kama maneno hayo yana udugu. Na ukipewa mfuatano, hakuna hesabu ya kukurudisha kwenye neno. Basi siku unapojiandikisha, seva inalihashi neno lako, inaandika mfuatano na kulisahau neno. Ukirudi kesho inahashi ulichoandika na kulinganisha. Ikilingana, karibu ndani.

Hapa watu wengi, hata waliosomea, huchanganya kuhashi na kusimba. Wazee wetu wa pwani walikuwa na mchezo wa kinyume, ambao Edward Steere aliukuta Unguja katika karne ya 19 akauandika: silabi ya mwisho inatangulizwa, nyumba inakuwa mbanyu. Mgeni haambulii kitu, lakini anayeijua kanuni analirejesha neno papo hapo. Kusimba kote kumo katika ukoo huo. Hata usimbaji mkali wa leo una ufunguo, na penye ufunguo neno hurudi. Kwa ujumbe wa simu hilo ndilo tunalolitaka, maana aliyetumiwa lazima ausome. Kwa neno la siri ni kosa, maana hakuna anayepaswa kulisoma tena. Kampuni ya Adobe ilifanya kosa hilo. Mwaka 2013 wezi walichukua hifadhi yake, na kwa hesabu ya kampuni yenyewe watumiaji hai milioni 38 walihusika. Maneno ya siri yalikuwa yamesimbwa kwa ufunguo mmoja, kwa hiyo yaliyofanana yalitoka sawasawa, na kando yake vidokezo ambavyo wateja walijiandikia wakisahau, vyote wazi. Ufunguo haukuhitajika. Ukiona watu elfu kadhaa wana mfuatano mmoja, na mmoja wao ameandika kidokezo "moja mpaka sita", umemaliza kazi.

Je, kuhashi peke yake kunatosha? Hapana, na hapa ndipo programu nyingi za mitaani zimekwama. Nisikilize nisome: e, moja, sifuri, a, d, c, tatu, tisa, nne, tisa. Hizo ni herufi na tarakimu za mwanzo za mfuatano mmoja unaotokana na hesabu iitwayo MD5. Mwandishi wa programu aliyezoea hifadhi zilizovuja hahitaji kompyuta, ameshalitambua neno. Ni 123456. Analijua kwa sababu hesabu ile hutoa jibu moja kwa watu wote duniani, Kibokoni na Brazil. Basi mwizi hana haja ya kuigeuza hashi. Anachukua kamusi, majina ya watu, majina ya timu, tarehe zote, anahashi kila kimoja mara moja, anaweka jedwali. Orodha ikiibwa, analinganisha tu. Jedwali moja linafaa kwa wizi wote wa miaka yote.

Chumvi inaingia hapo. Waandishi wa programu huita hivyo mfuatano wa nasibu ambao seva inaubuni yenyewe siku unapojiandikisha, ikauunganisha na neno lako kabla ya kuhashi. Tuseme kuna watu wawili, mmoja anakaa Mkanyageni, mwingine Mtongwe, hawajuani, na wote wamechagua neno "pwani2024". Bila chumvi wanapata hashi moja, na aliyemgundua mmoja amewagundua wote wawili, na kila mwingine mwenye neno hilo. Kwa chumvi, wa Mkanyageni kapewa mfuatano wake, wa Mtongwe wake, na hashi zao hazifanani hata kidogo. Ukiitazama orodha huwezi kujua kwamba wana neno moja. Jedwali la mwizi limekuwa takataka, kwa sababu angehitaji kulitengeneza upya kwa kila chumvi. Morris na Thompson waliweka chumvi ya namna 4,096. Leo desturi ni biti 128, na idadi ya chumvi zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 39.

Watu huniuliza swali moja hapa, nalo ni zuri: hiyo chumvi inawekwa wapi? Inawekwa pale pale, kando ya hashi, wazi. Wengi hushangaa. Lakini kazi yake haikuwa kufichwa. Kazi yake ni kumlazimisha mwizi aanze upya kwa kila mtu, kana kwamba ameiba hifadhi elfu moja zenye mtu mmoja mmoja badala ya moja yenye watu elfu. Kwa hiyo masharti yake ni mawili: itoke kwenye chanzo cha nasibu cha kuaminika cha mashine yenyewe, na kila mtu apate yake. Nimeona programu ambayo mwandishi wake aliweka neno moja kuwa chumvi ya wateja wote, akaliandika ndani ya msimbo. Hiyo haimzuii mwizi. Atatengeneza jedwali moja zaidi na kuendelea.

Ukitaka kuona gharama ya kukosa chumvi, itazame LinkedIn, mtandao ambao vijana wetu wanautumia kutafuta kazi. Juni 2012 hashi zake kama milioni 6.5 zilitokea hadharani, za SHA-1, bila chumvi. Nyingi zilifunguliwa katika siku chache. Mwaka 2016 ikabainika kwamba walioathirika walikuwa wengi zaidi, maneno ya siri ya akaunti kama milioni 117. Kampuni kubwa, wahandisi wa kulipwa vizuri, na somo lilikuwa limechapishwa miaka 33 kabla.

Limebaki la tatu, na ndilo linalopuuzwa sana: mwendo. MD5 na ndugu zake wa SHA ziliundwa ziwe za haraka, kwa kuhakiki faili kubwa. Kwa neno la siri uharaka ni adui. Kadi moja ya michoro ya kompyuta, ile vijana wanayoinunua kwa ajili ya michezo, aina ya RTX 4090 iliyotoka mwaka 2022, hujaribu MD5 zaidi ya bilioni 150 kwa sekunde moja. Neno la herufi nane ndogo lina namna kama bilioni 209. Piga hesabu mwenyewe: chini ya sekunde mbili. Chumvi haisaidii hapo, kwa sababu hata mtu mmoja mmoja, sekunde mbili kwa kila mtu ni kazi ya alasiri.

Basi ikatafutwa hashi ya makusudi kuwa nzito. Mwaka 1999 Niels Provos na David Mazières walileta bcrypt kwa ajili ya mfumo wa OpenBSD. Ina kipimo ambacho ukikipandisha kwa moja tu, kazi inakuwa maradufu. Ikiwekwa kipimo cha 12, kadi ile ile ya michoro inajaribu elfu moja na mia kadhaa kwa sekunde, badala ya mabilioni. Yale majaribio yaliyochukua sekunde mbili sasa yanachukua zaidi ya miaka minne, kwa mteja mmoja. Na wewe mteja halali unangoja sehemu ndogo ya sekunde, hata hutambui. Kompyuta zikizidi kasi, kipimo kinapandishwa. Mwaka 2015 mashindano ya kimataifa yaliipa ushindi Argon2, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Luxembourg, ambayo inaongeza sharti jingine: kila jaribio litumie kumbukumbu nyingi ya mashine, na kumbukumbu ndiyo inayopungua kwenye hizo kadi za michoro zinapofanya maelfu ya majaribio kwa pamoja.

Sikufichi, zote hizi hazimlindi aliyechagua neno la kila mtu. Mwaka 2009 tovuti ya RockYou ilivuja maneno ya siri milioni 32, yaliyowekwa wazi kabisa, na zaidi ya watu 290,000 walikuwa wametumia 123456. Orodha hiyo mpaka leo ndiyo mwizi anayoanzia. Imo Arsenal, imo Chelsea, imo bismillah, imo 786786. Usidhani Kiswahili kinakuficha. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa ni jambo la kwanza kujaribiwa kwa lugha yoyote, na methali inayojulikana na taifa zima si siri ya mtu. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, yasiyotoka kwenye shairi wala aya, uyaunganishe. Urefu ndio unaomchosha mwizi. Na kila mahali neno lake. Ukishindwa kuyakumbuka, yaandike kwenye daftari uliweke kabatini nyumbani. Mdukuzi aliye mbali hafiki kabatini kwako.

Nambari ya siri ya tarakimu nne, kama unayotumia kutoa pesa, ina mambo yake. Zipo nambari 10,000 tu. Hata kwa bcrypt yenye chumvi, kadi ile inazimaliza zote ndani ya sekunde kama saba. Usalama wake unatoka kwingine: kufungiwa baada ya kukosea mara chache, na mashine maalumu ambazo mabenki huhifadhia siri hizo, zisizotoa orodha nje. Kwa hiyo, ewe kijana unayejenga programu ya malipo hapa Mombasa, usinakili tarakimu nne ukadhani umenakili na ulinzi.

Na usidhani ukishahashi hifadhi umemaliza. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake wote, zaidi ya milioni 330, wabadilishe maneno ya siri. Hifadhi ilikuwa imehashiwa kwa bcrypt, vizuri kabisa. Lakini kulikuwa na faili ya kumbukumbu za mitambo iliyokuwa ikiandika neno kabla halijahashiwa. Mwaka uliofuata Facebook ikakiri jambo la namna hiyo kwa mamia ya mamilioni ya watumiaji, na mwaka 2024 mamlaka ya Ireland ikaitoza euro milioni 91. Neno la siri linapita njia ndefu kabla ya kufika kwenye hashi, na kila kituo cha njiani lazima kikaguliwe.

Najua wananisikiliza vijana wa Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor, na wale wanaokusanyika Swahilipot karibu na Ngomeni. Kwenu nasema kwa msisitizo: msibuni hashi yenu. Kazi imeshafanywa na watu waliotumia maisha yao humo. Mwenye kuandika kwa PHP anayo kazi iitwayo password_hash tangu mwaka 2013. Inaweka chumvi yenyewe, inachagua hesabu nzito yenyewe, na ni mstari mmoja. Python, Java na nyinginezo zote zina maktaba zake. Mkiombwa na mteja "niwekee mahali pa kuyaona maneno ya siri ya wafanyakazi wangu", mkatalieni kwa adabu na mumweleze sababu. Ni ombi la kawaida, naye pengine hakusudii ubaya. Mpeni kitufe cha kumwekea mfanyakazi neno jipya la muda, hilo litatosha kwa kila haja yake halali.

Na mwenye mfumo wa zamani, uliojaa MD5? Usingoje wateja warudi. Usiku wa leo chukua kila hashi ya MD5 uliyo nayo, uipitishe ndani ya bcrypt na chumvi yake, uandike matokeo, uifute ile ya zamani. Kuanzia asubuhi hifadhi yote imelindwa. Kisha kila mteja anapoingia na neno lake sahihi, lihashi upya moja kwa moja na uondoe ile MD5 ya katikati. Nakala za zamani za hifadhi, zile zilizo kwenye diski za droo ya chini, nazo zifutwe, maana mwizi akizipata hizo kazi yako ya usiku imepotea. Mfumo uliokuwa na maneno wazi ndio rahisi zaidi kurekebisha: yahashi yote leo. Halafu waambie watu wabadilishe, kwa kuwa huwezi kujua ni nani aliyekwisha kuyasoma.

Sheria nayo ipo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na mwaka 2019 Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Data. Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa mwaka 2020. Anayehifadhi habari zako anatakiwa azilinde tangu siku ya kuubuni mfumo, asingoje maafa. Data ikifikiwa na asiyeruhusiwa, na pakawa na hatari ya kweli ya madhara, ana saa 72 za kumjulisha Kamishna, na wewe mwenyewe ujulishwe kwa maandishi bila kucheleweshwa pasipo sababu. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya kampuni, lililo dogo kati ya hayo. Mimi naona kiwango hicho ni kidogo kwa makampuni makubwa. 

Basi ukipata ule ujumbe niliouanza nao, fanya hivi. Badilisha neno hilo kila mahali ulikolitumia, ukianza na barua pepe. Hifadhi picha ya ujumbe. Kisha nenda ofisini, au piga simu, useme kwa upole: mmenitumia neno langu la siri, maana yake mnaliona, nani mwingine analiona, na lini mtaacha kulihifadhi hivyo? Ofisi nyingi zitashtuka kwa uaminifu, kwa sababu walinunua programu kwa mtu wakaamini. Wape nafasi ya kurekebisha. Wakikupuuza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inampa siku 90 za kuchunguza na kumaliza. Na bibi zetu wasioandika wasijione wamefungiwa nje: sheria inasema malalamiko yanaweza kutolewa kwa mdomo, na yakitolewa hivyo ni wajibu wa ofisi ya Kamishna kuhakikisha yameandikwa.